Ntumba za Hellena

Katika vitongoji vyote vya Mwazye hapakuwa na mtu aliyeshika jembe kama Hellena. Wanaume walikubali jambo hilo, ingawa walilikubali kwa mzaha, wakisema Isdori hakuoa mke, alioa trekta. Mtu angempita asubuhi akienda mashine ya kusaga, na akirudi na unga wake angemkuta amemaliza safu nzima ya ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa ambayo hufukiwa nyasi mbichi ndani yake ili zioze ziwe mbolea. Ntumba za Hellena zilikaa zimelingana kama vyungu vilivyoanikwa juani. Mvua haikuzibomoa, na maharage yaliyopandwa juu yake yalitoka ya kijani kibichi hata mwaka ambao ya wengine yalikuwa yamenyauka.

Hakuzaliwa katika baridi ile. Alizaliwa Ilemba, chini bondeni, kwenye joto la Ziwa Rukwa, ambako watu hulima mpunga na hawajui kuvaa sweta. Alipoolewa na Isdori akapandishwa huku juu, alilia juma zima kwa ajili ya upepo. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha ntumba. "Usishushe jembe kama unaua nyoka," alimwambia. "Lishushe kama unamfunika mtoto anayelala." Hellena alijifunza, na kazi ile ikawa ndiyo kitu pekee cha Ufipa alichokipenda kabla hajaanza kumpenda mumewe.

Enzi hizo shamba lililimwa misimu michache likaachwa. Nyasi zilirefuka mpaka zikamficha ng'ombe, na zikishakua ndipo watu walirudi kujenga ntumba, kwa sababu bila nyasi ntumba ni udongo mtupu uliorundikwa. Kisha ikaja ile amri ya kuhamia vijijini. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani zikasogezwa pamoja kando ya barabara, mashamba ya mbali yakaachiwa nguruwe pori, na yale ya karibu yakawa yanalimwa kila mwaka bila kupumua. Wakati huo haikuonekana kuwa ni kosa. Ushirika ulikuwa unaleta mbolea ya chumvichumvi kwa malori, na mtu alirusha ile mbolea nyeupe kama anayelisha kuku, mahindi yakainuka. Wasichana walioolewa miaka hiyo hawakuona sababu ya kujifunza ntumba. Walisema ni kazi ya bibi zao.

Baba mkwe alipofariki, shamba la mtoni liligawanywa mapande matatu. La juu alipewa Nestory, kaka mkubwa. La katikati alipewa Isdori. La chini, karibu na mto, lilikuwa la mdogo wao wa mwisho, ambaye alikuwa amejenga Chanji, mjini Sumbawanga, na hakutaka kusikia habari za jembe. Aliwaambia kaka zake, "Litumieni tu." Hakuna aliyeuliza litumike vipi na nani. Mapande matatu, ndugu wawili. Ilionekana nafasi ipo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ghala la ushirika lilifungwa kwa kufuli, na kufuli lile likashika kutu. Bwana shamba aliitisha mkutano akaeleza kwamba sasa ni soko huria, kila mtu atauza mahindi anakotaka na kununua mbolea anakotaka. Watu walipiga makofi. Msimu ule ule waligundua kwamba mbolea ipo, tena imejaa maduka ya mjini, lakini bei yake si ya mtu wa Mwazye. Na wakati wa mavuno wakaja wafanyabiashara na malori kutoka Tunduma, wakitaka gunia lishindiliwe mpaka liote kichwa, ile lumbesa, na asiyetaka akaambiwa abaki na mahindi yake.

Mahindi yasiyopata chumvichumvi yalitoka mafupi, ya manjano, magunzi kama vidole vya mtoto. Isdori alisimama katikati ya shamba akachukua udongo mkononi akaunusa.

"Udongo huu umezoea kupewa," alisema. "Umekuwa kama mlevi. Usipoupa, hauamki."

"Basi tuulaze," Hellena akamjibu.

Wazo lilimjia pale pale, na jioni ile walikwenda wote wawili kwa Nestory. Hellena alikaa kwenye mkeka kwa heshima, akamwacha mumewe aseme, lakini Isdori alijikanyagakanyaga mwishowe akamgeukia. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Shemeji, naomba tuunganishe mapande yote matatu tuyalime kama moja. Haya mawili ya juu tulime sote, na lile la mtoni tulipumzishe. Nyasi zikishakua nitajenga ntumba. Halafu tutapumzisha jingine. Hivyo hivyo, mpaka yote yapone."

Nestory alikuwa mtu mzito wa kuamua. Alivuta kiko chake muda mrefu. "Na hiyo miaka ya kulipumzisha tutakula nini?"

"Tutakula kidogo."

"Tayari tunakula kidogo."

"Ndiyo, shemeji. Lakini sasa tunakula kidogo bila sababu."

Nestory akacheka, na kwa kucheka huko akakubali.

Walikula kidogo kweli. Kipande cha mtoni kiliachwa, majirani wakawasema kwamba wanafuga nyasi wakati watoto wana njaa. Luciana, binti yao mkubwa, aliolewa Laela. Kijana wao aliyemfuata aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya bila kuaga vizuri. Alisema tu kwamba pale nyumbani haoni pa kusimama. Wakabaki wadogo wawili walio shuleni. Na Isdori, katika kwenda kutafuta vibarua, alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, na tangu siku hiyo mgongo wake haukunyooka tena sawasawa. Aliweza kutembea, aliweza kuchunga, aliweza kusuka vikapu. Kuinama na jembe hakuweza.

Nyasi zilipofika kifuani, Hellena alipika pombe ya ulezi akaalika watu, kama mama mkwe wake alivyokuwa akifanya. Zamani pombe ile ingeleta kijiji kizima na ngoma. Sasa walikuja wachache. Walilima hadi jua lilipopanda, wakanywa, wakaondoka, maana kila mmoja alikuwa na shamba lake linalomngoja na watu wake waliokwenda mbali. Waliobaki vijijini walikuwa wazee, wanawake na watoto. Ajabu ilikuwa hiyo: ardhi ilikuwa haitoshi watu, na bado watu wa kuilima walikuwa hawatoshi. Waliokosa ardhi ndio waliokuwa wenye nguvu, nao walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo kipande kile Hellena alikijenga peke yake. Mvua ya Februari ilimnyeshea mgongoni, ukungu ulipanda kutoka mtoni hadi asione safu aliyoianza. Alifyeka nyasi, akazilaza, akakata udongo kwa jembe na kuufunika juu yake, moja baada ya nyingine, akiwa amevaa koti kuukuu la mumewe lililofungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge. Viganja vilipasuka, akavifunga vitambaa, vitambaa vikashikamana na ngozi. Isdori alimletea viazi vya kuchemsha akakaa pembeni kwenye jiwe, akimtazama, na macho yake yalimwuma Hellena kuliko viganja.

"Pumzika, mama Luciana."

"Nikipumzika mvua itaondoka."

Mwezi Machi alipanda maharage juu ya ntumba. Juni akayavuna, na mavuno yale yalizungumzwa mpaka kanisani. Lakini maharage yalikuwa kionjo tu. Utajiri wenyewe ulikuwa bado umefukiwa humo ndani. Mvua za Novemba zikija, ntumba zile zingesambazwa, ule weusi uliooza ungetandazwa shamba zima, na mahindi yatakayopandwa hapo yangelisha nyumba mbili hadi mwaka mwingine. Hellena alikuwa akipita mtoni jioni kwa kisingizio cha kuchota maji, aziangalie tu.

Mwezi wa tisa akarudi Theodory.

Theodory alikuwa kifungua mimba wa Nestory. Alikuwa ameajiriwa kwenye gereji ya shirika moja Mbeya kwa miaka mingi, na kila Krismasi alituma nguo na sukari. Sasa alishuka kwenye lori na mke wake Asifiwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, na watoto wanne, na magodoro, na masufuria yaliyofungwa ndani ya shuka. Shirika lilikuwa limeuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake alikitumia siku chache baadaye kununua maksai wawili na plau.

Kijiji kizima kilikwenda kutazama plau ile. Hellena naye alikwenda, akampongeza, akamwandalia Asifiwe ugali wa ulezi na maharage yaliyotoka mtoni.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku. Asubuhi Hellena akiwa anawasha moto alisikia mjeledi na sauti ya mtu akifokea ng'ombe, upande wa mtoni. Alidhani masikio yamemdanganya. Kisha akasikia tena, akatupa kuni akakimbia.

Maksai walikuwa wameshafika katikati ya kipande. Nyuma yao ntumba zilikuwa zimepasuliwa, udongo mweusi umemwagika kwenye mifereji iliyonyooka, wenye harufu ya nyasi zilizooza vizuri. Theodory alimwona akasimamisha ng'ombe.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hellena alisimama ukingoni. "Nani amekwambia ulime hapa?"

"Baba." Theodory alishangaa. "Amesema hiki hakina mtu. Ni cha baba mdogo wa Chanji, naye amesema sawa."

"Hakina mtu?"

"Ndivyo alivyosema."

Alimtazama kijana yule, na buti zake za gereji zilizojaa udongo wake. Alitaka kushika pembe za ng'ombe awarudishe nyuma, kana kwamba plau ikirudi nyuma udongo nao ungerudi. Badala yake aliketi pale pale ukingoni, kwenye maji, na Theodory baada ya kusubiri kidogo akaendelea kulima, kwa sababu mvua ilikuwa haimsubiri hata yeye.

Kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwa Nestory, Jumapili baada ya misa. Isdori alimsihi mkewe asiende. Alisema ndugu hawapelekani mbele ya watu. Hellena alijifunga kitenge chake cha kanisani akaenda.

Nestory hakumkwepa macho. "Shemeji, tulikubaliana, sikatai," alisema. "Lakini tulikubaliana mwanangu akiwa na kazi. Sasa hana. Atalima wapi, hewani?"

Theodory aliomba kusema. "Mama mdogo, sikuja kukunyang'anya. Kazini walituita majina asubuhi, mchana tukaambiwa tusirudi. Nina watoto. Ningewapeleka wapi kama si kwa babu yao?"

Hilo ndilo lililomkata Hellena maini. Angekuwa mjeuri angemchukia, na chuki ingempa mahali pa kuegemea. Lakini alikuwa anasema kweli.

Mkuu wa ukoo, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alimpa Hellena nafasi.

"Najua shamba si langu," alisema. "Nilikuja hapa na kanga mbili. Lakini zile ntumba hazikuota kama uyoga. Naomba mniambie, alizijenga nani?"

Watu wakatazama chini. Mzee alikohoa.

"Ulizijenga wewe, mwanangu, na kila mtu aliona. Lakini ardhi ina mwenyewe. Kazi ikishaingia ardhini haina mwenyewe tena."

Waliamua kwamba Theodory atampa kifuta jasho wakati wa mavuno. Kikao kikafungwa kwa sala, pombe ikaletwa.

Kilichowabakia Hellena na Isdori ni kipande chao cha katikati, ambacho kilikuwa kimelimwa mfululizo tangu Luciana hajazaliwa. Walikipanda. Lakini kufikia Krismasi kihenge kilikuwa kitupu, na Januari ndiyo hii: mahindi yako yamefika magotini, magugu yamefika magotini pia, na wewe huna cha kula ili upate nguvu ya kuyang'oa. Mwenye chakula hukuajiri umpalilie yeye. Ukimpalilia yeye la kwako linasongwa. Usipompalilia watoto hawali. Hellena alijua wanawake watano ambao kila asubuhi walipita mashamba yao wenyewe wakiwa wamegeuza nyuso, wakienda kupalilia ya wengine.

"Nakwenda Ilemba," akamwambia Isdori. "Baba yangu alikuwa na shamba. Nitaomba kipande kwa kaka, tushuke sote tukalime kule."

Isdori alikaza kamba ya kikapu alichokuwa akisuka. "Kama lipo," alisema.

Alipanda lori hadi Sumbawanga, akalala kwa shemeji yake wa Chanji, ambaye hakugusia habari za kipande cha mtoni wala yeye hakugusia. Kesho yake akapata lori jingine la kushuka bondeni. Barabara inajipinda ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, lile genge refu linaloshuka kutoka uwanda wa juu hadi bondeni, na kila kona joto linaongezeka. Hellena alivua sweta, kisha akafungua kilemba. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kifua kinapanuka.

Kaka yake, Evaristi, alimpokea kwa furaha, akamchinjia kuku. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Walipomaliza kula alimwuliza, "Dada, umekuja kututembelea au umekimbia?"

"Nimekuja kutafuta pa kulima. Shamba la baba."

Evaristi alinawa mikono polepole. Kisha akamwongoza hadi nyuma ya mji, akamwonyesha kwa kidole. Pale walipokuwa wakichezea utotoni, vichaka hadi kwenye mkondo wa maji, sasa palikuwa na mahindi na mpunga mpaka jicho linachoka. Mbali, kundi la ng'ombe lilikuwa linapita vumbini.

"Walikuja Wasukuma kutoka Shinyanga," alisema Evaristi. "Pori lilikuwa limelala bure. Mmoja anaitwa Mboje, mtu mzuri, akanipa mtamba, nikamwambia alime. Nilidhani ataondoka ng'ombe wakimaliza majani. Hakuondoka. Na wewe ulikuwa umeolewa, nani angejua utarudi?"

Hellena hakumlaumu. Angemlaumu kwa kosa gani, wakati mwaka ule hata yeye asingeona thamani ya pori?

Walikwenda kwa Mboje. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesimama ameegemea fimbo yake, akamsikiliza Hellena hadi mwisho bila kumkatiza.

"Dada yangu," alisema, "kipande cha kukupa sina, wanangu wa kiume wameshaoa na wanalima hapo. Lakini nitakwambia ukweli. Ardhi ninayo, ng'ombe ninao. Kinachonishinda ni magugu. Ukitaka kupalilia, chakula kipo, na ukiondoka hutaondoka mikono mitupu. Ukitaka kuja na familia yote, nitawapa pa kujenga banda."

"Kama vibarua."

"Kama watu wangu wa kazi," Mboje akajibu kwa upole, na upole ule haukubadilisha maana.

Alipalilia kwa Mboje karibu mwezi mzima. Kwenye safu iliyo kando yake alikuwa Kabula, mke mkubwa wa Mboje, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeimba akilima. Siku moja walipokaa kivulini kunywa maji, Hellena alimwambia kwamba ana bahati, mume wake ana plau tatu.

Kabula alicheka mpaka akamwaga maji. "Bahati ya nani? Zamani tulilima kwa jembe la mkono, shamba dogo, tukalipalilia tukamaliza, tukapumzika. Sasa wanaume wanapita na ng'ombe siku tatu, wamefungua nchi nzima, wanakwenda kukaa. Plau inalima tu, dada. Haipalilii." Akanyoosha viganja vyake. Vilikuwa kama vya Hellena.

Alirudi na magunia mawili ya mahindi juu ya lori. Lilipokuwa likikwea ukingo, liliharibika kidogo, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Chini aliliona bonde lote, limekatwakatwa vipande vya kijani hadi kwenye ukungu wa ziwa. Akageuka upande wa juu, anakokwenda. Vilima vilikuwa vitupu bila mti, vimelimwa mpaka kwenye vichwa vyake. Alitafuta kwa macho mahali ambapo jembe lilikuwa halijapita, pawe popote, hata pa kumstarehesha tu. Dereva akapiga honi.

Nyumbani alikuta watoto wamekonda na Isdori amepalilia mistari minne kwa magoti, akijivuta. Mistari minne ilikuwa inang'aa. Shamba lililobaki huwezi kusema ni mahindi au ni magugu. Aliinama palepale na nguo za safari, lakini alikuwa amechelewa. Hindi likishasongwa halirudi. Mwaka ule kipande cha katikati kilitoa mahindi ya kutosha hadi Septemba. Cha mtoni kilitoa mahindi ambayo watu walisimama barabarani kuyatazama. Asifiwe ndiye aliyeleta kifuta jasho, magunia juu ya mkokoteni, akapiga magoti akayakabidhi bila kuinua uso. Hellena aliyapokea. Watoto walikuwa na njaa.

Msimu uliofuata Theodory alilima mtoni tena, akaongeza na cha baba yake, akapasua hadi ukingo wa njia. Aliamini amepata dawa. Lakini ule weusi ulikuwa umekwisha kuliwa na mahindi ya mwaka wa kwanza, mbolea ya dukani hakuiweza, na Asifiwe na watoto wake hawakumaliza kupalilia hata nusu. Mahindi yakageuka manjano. Kisha ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaua maksai mmoja, na ng'ombe mmoja havuti plau, wakamuuza, wakala, na mvua za Novemba nyingine zikakuta mtoni pameachiwa nyasi.

Hellena aliyaona yote kutoka kipande chake, na angekuwa mwongo kama angesema moyo wake haukufurahi. Ulifurahi siku mbili tatu. Furaha ile haikupikika.

Januari Asifiwe alikuja jioni, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, naomba unifundishe ntumba."

"Kwenu Tukuyu hamlimi?"

"Kwetu ni migomba. Nilishika jembe la huku mwaka juzi." Aliweka mkono kwenye mwimo wa mlango. "Najua tulichokufanyia. Sijaja kuomba msamaha, mama, maana hata ukinisamehe watoto hawatashiba. Nimekuja kuomba unifundishe."

Hellena alichochea moto. Alifikiri: nikikataa, wakikosa, watakuja kula kwangu, ni wajukuu wa Nestory, sitawafukuza. Nikikubali, nitajenga tena kwenye ardhi ambayo kesho mtu atashuka kwenye lori na kuitwaa. Aligeuza jambo lile pande zote, akaona kila upande una ukuta.

"Njoo asubuhi," alisema. "Na ulete jembe lenye mpini mfupi. Mrefu utakuvunja."

Usiku ule ule Isdori naye alisema shauri alilokwisha kukata. Hakutaka tena kukaa kwenye jiwe. Alisema Mboje anahitaji mtu wa kuamia ndege kwenye mpunga, kazi ya kukaa na kupiga kelele, mgongo wake unaiweza. Angekwenda na watoto wadogo, wangekula, kule kuna shule.

"Twende sote," alimwambia. "Nani amekufunga hapa?"

"Tukiondoka wote, msimu mmoja tu, kipande hiki nacho kitasemwa hakina mtu. Na kijana wetu akirudi kutoka Chunya?"

"Hatarudi, mama Luciana."

"Hata wa Nestory walisema hatarudi."

Hellena mwenyewe alisikia maneno yale yakitoka kinywani akashangaa, kwa sababu alikuwa anamlindia mwanawe ardhi isiyoweza kumlisha, akiogopa wakati huohuo kwamba siku moja atakuja kuidai. Alitamani mtu amkanushe. Isdori akainama kuokota kamba ya mzigo.

Aliwasindikiza hadi barabarani. Lori lilichelewa, watoto wakasinzia juu ya mafurushi. Lilipofika alimsaidia Isdori kupanda, akimshika kiuno polepole, akampandisha mdogo, akampa mkubwa chupa ya uji. "Msikilizeni baba," alisema. Alikaa pale mpaka mlio wa gari ukapotea nyuma ya kilima.

Asifiwe alikuwa akimngoja mtoni. Nyasi za mwaka mmoja zilikuwa fupi, zimefika chini ya goti tu, na Hellena alijua ntumba zitakazotoka humo zitakuwa ndogo, zenye tumbo la kichanga. Alimwonyesha jinsi ya kuzilaza, vichwa vikitazama ndani. Alimweka miguu sawa. Alimshika mikono kwa nyuma, akashusha jembe pamoja naye, mara ya kwanza, mara ya pili. Asifiwe alikuwa mwepesi kushika. Mbele yao kipande kilitelemka hadi mtoni, kirefu, na mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Zambia.

"Tutamaliza kabla mvua haijakatika?" Asifiwe aliuliza.

"Hatutamaliza," Hellena alisema. "Lima."